Samaki wa Chini ya Bakuli

Wiki iliyopita bakuli la samaki lilipasuka. Mama alikuwa analiosha nyuma ya nyumba, likamteleza, likagonga jiwe la kufulia na kuwa vipande viwili. Alivishika vile vipande akavikutanisha kwa vidole, kama mtu anayefunga kidonda, halafu akaniangalia. "Basi," akasema. "Kaenda zake."

Hakusema nani, na mimi sikuuliza. Nilivichukua vipande nikavinusa. Najua bakuli lililooshwa miaka yote hii halina harufu zaidi ya sabuni, lakini mimi niliipata siki, na bizari nyembamba juu ya makaa, na mvuke wa unga unaopanda kwenye uchochoro mwembamba. Nikajikuta nimekaa pale kwenye jiwe mpaka jua likanifikia miguuni.

Wenzangu mliolelewa na bibi mtanielewa upesi. Nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, kila mtu alimwita bibi yangu Mama. Wajomba zangu walimwita hivyo, majirani walimwita hivyo, nami nilipoanza kusema nikamwita hivyo hivyo. Mama aliyenizaa aliondoka kwenda Dubai nikiwa bado nabebwa mgongoni. Kwangu alikuwa sauti inayotoka kwenye simu ya bibi siku za Ijumaa. Wajomba, ambao ni wadogo zake, walikuwa wakisema "Dada Zuhura kapiga," basi na kwangu akawa Dada Zuhura. Aliniuliza kama nasoma, nikajibu ndiyo. Aliniuliza kama nakula, nikajibu ndiyo. Kisha nikarudisha simu kwa mwenyewe.

Likizo moja, nikiwa darasa la tatu, Shangazi Mwanahamisi alisema atanichukua. Shangazi ni dada wa marehemu baba yangu, na kazi yake ilikuwa kwenda Dubai kununua mapazia na mashuka ya kuja kuuza Tanga. "Zuhura hawezi kuja mpaka mkataba uishe," alimwambia bibi. "Acha mtoto amwendee yeye."

Siku ya kuondoka, bibi aliniketisha kwenye mkeka akanipa mafunzo ya safari. "Ukiwa ugenini," alisema, "ukikaribishwa chakula mara ya kwanza, sema ahsante, nimekula. Wakikukaribisha tena, kaa, ule taratibu. Usisake nyama. Na usimalize. Bakisha kidogo, watu wasidhani umetoka kwenye njaa." Akanifunga kifungo cha shati ambacho tayari kilikuwa kimefungwa. "Na yule umwite Mama. Ndiye aliyekuzaa."

Mafunzo ya chakula niliyashika yote. Hilo la mwisho lilinisumbua. Kwa akili yangu ya wakati ule, neno Mama lilikuwa kama ufunguo wetu wa mlango wa mbele. Ulikuwa mmoja tu, na bibi ndiye aliyekuwa nao, kwenye pindo la kanga. Nikimpa mtu mwingine, bibi atalala nje.

Uwanja wa ndege wa Dubai ulikuwa baridi kama ndani ya friji ya bucha. Mwanamke mwenye buibui alikuja kwetu kwa haraka, nusu anatembea nusu anakimbia, halafu akasimama hatua chache kabla hajanifikia, kama mtu aliyefika ukingoni mwa maji. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake.

"Shikamoo, Dada," nikasema.

Midomo yake ilikuwa inafunguka ikaacha. "Marahaba," akasema. Shangazi akaanza kuhesabu mabegi ambayo yalikuwa mawili tu.

Tulifikia Naif, mtaa wa maduka mle mjini, kwenye chumba cha juu ambacho Shangazi alikuwa akipanga na wanawake wengine kila akija. Vitanda vilikuwa vya ghorofa, na katikati palijaa maboksi na marobota, hata ili ufike dirishani ilibidi upite upande upande kama kaa. Kwenye kitanda cha juu yetu alilala Mkenya mmoja, Njeri, aliyekuwa mlinzi wa duka kubwa. Siku ya kwanza alinitazama kwa muda, kisha akamuuliza Shangazi, "Huyu kijana haongei, ama mdomo ameusahau Tanga?"

"Anao," Shangazi akasema. "Anautunzia Idi."

Mama aliyenizaa alifanya kazi ya kusafisha vyumba katika hoteli moja huko Al Barsha, na alilala kwenye nyumba za wafanyakazi ambako mtoto haruhusiwi. Kwa hiyo akimaliza zamu alipanda treni na kuja Naif, akafika wakati maduka yanawasha taa. Mikono yake ilinukia sabuni ya hoteli. Alikuwa akinichukua kwenda kutembea mpaka muda wake wa kurudi, na mimi nilimfuata, nikiwa na tatizo langu. Kumwita Dada nilishaona kwamba si sawa. Kumwita Mama sikuweza. Basi sikumwita kitu. Nikitaka kumwambia jambo nilikohoa. Nikikohoa asisikie, nilivuta ncha ya mtandio wake. Mara nyingine nilizunguka nikasimama mbele yake njiani, watu wakatugonga, mpaka akaniangalia.

Na hapo hapo mji mzima ulikuwa ukimwita. Wauza maduka wa Naif wana desturi ya kumwita kila mwanamke wa Kiafrika mama, maana wengi wao ni wafanyabiashara waliokuja kununua mzigo. "Mama! Karibu, mama! Mama, bei nzuri!" Mhindi alimwita. Muafghani mwenye masanduku alimwita. Kijana wa Kichina, mwenye simu bandia zimejaa mezani, alimwita mara tatu tukipita kwenda na mara tatu tukirudi. Mimi nilidhani wanamfahamu. Nilidhani miaka yote ile aliyokuwa mbali nasi, hawa ndio waliokuwa watoto wake, na niliwachukia kidogo, hasa yule wa simu.

Jioni ya kwanza alisema, "Leo tunakula Kichina." Alisema kana kwamba ni jambo tulilopatana zamani. Sikumuuliza kwa nini, kwa sababu wakati ule sikuwa namuuliza kitu chochote.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na uchochoro, na katika uchochoro dirisha, na ndani ya dirisha mwanamke wa Kichina aliyepanga makapu ya mianzi moja juu ya jingine mpaka yakamziba uso. Kila alipofunua kapu, mvuke ulimmeza yeye mzima, kisha akatokeza tena akiwa na maandazi meupe. Meupe kabisa, hayana hata alama ya mafuta. Nilimwonea huruma Mama. Nilijua ameuziwa maandazi mabichi.

"Kula," akaniambia.

"Ahsante, nimekula."

"Umekula wapi? Shangazi yako kasema hujatia kitu mdomoni tangu saa nne."

Hiyo ilikuwa mara ya pili, kwa hiyo nikapokea. Lilikuwa laini kama shavu la mtoto, na ndani limejaa mayai na vitunguu vya majani, na mchuzi wake uliniteremkia mpaka kwenye kiwiko. Ningeweza kula kapu zima na kapu la chini yake. Nilikula taratibu, na nilipofika mwisho nikabakisha kipande cha ukubwa wa kidole gumba, nikakifunika kwa karatasi yake kwa heshima.

Mama alikitazama kile kipande. "Hujalipenda," akasema.

Nilitikisa kichwa. Hata leo sijui alielewa nini. Alikitia kile kipande mdomoni mwake, akapangusa mikono. "Haya. Kesho tutajaribu kingine."

Tukajaribu. Naif ina Wachina wengi kuliko nilivyofikiri Uchina ina watu. Tulipita vichochoro ambavyo viyoyozi vilitudondoshea maji kichwani, na kila palipokuwa na dirisha lenye moshi alisimama, akatazama ukutani kama pameandikwa halali, akauliza kwa mdomo pia ili awe na hakika. Kulikuwa na duka moja limening'iniza bata wekundu kwa shingo zao, nikapunguza mwendo, akanivuta. "Hapo tupite," akasema. "Hapo wana mambo yao."

Tulikula mishikaki myembamba ya kondoo, iliyonyunyiziwa bizari nyembamba na pilipili mpaka ikawa na mchanga mchanga. Tulikula kitu kama chapati ya maji, mwanamume akaivunjia yai juu, akaikunja, akaikatakata kwa shoka dogo. Tulikula sambusa zilizochemshwa, ambazo unazichovya kwenye siki nyeusi, na hapo nilikohoa kweli, si kwa kumwita. Alicheka, akanipigapiga mgongoni, halafu akauondoa mkono wake haraka kama ameushika mgongo wa mtoto wa mtu.

Kila mahali nilibakisha. Mshikaki nilibakisha pande la mwisho kwenye kijiti. Chapati nilibakisha pembe. Naye kila mara alitazama nilichobakisha, akasema, "Si hii, basi," akakila yeye, na kesho yake tukaenda mbali zaidi kidogo. Niseme nilivyokuwa nikiwaza. Niliwaza kwamba ananipima. Niliwaza bibi amempigia simu akamweleza yale mafunzo, naye anapitisha mtihani wa adabu, kila siku unazidi ugumu, maana kila chakula kilikuwa kitamu kuliko cha jana na kubakisha kukawa mateso zaidi. Na mimi nilikuwa nafaulu. Nililala nina njaa kidogo, na nina fahari nyingi.

Kisha tukafika kwa mpika tambi.

Duka lake lilikuwa na meza chache na kioo kikubwa, na yeye alisimama nyuma ya kioo watu wamwone. Alikuwa Mchina mwenye ndevu chache, na kichwani ana kofia nyeupe kama ya mwalimu wetu wa chuo cha Kurani. Hiyo kofia haikunidanganya. Wauzaji wa Naif walijua kusema "karibu" na "bei poa" bila kujua Kiswahili, basi nikaona huyu naye amevaa kofia ili tudhani ni mwenzetu. Alichukua donge la unga refu kama mkono, akasema, "Bismillahi," polepole, si kwa ajili ya mtu yeyote, akaanza kulivuta. Alilivuta likawa refu kama yeye, akalikunja, akalivuta tena. Zikawa nyuzi mbili, zikawa nyingi, akazipiga mezani zikalia kama kamba. Nilidhani ni kamba. Kwetu niliwaona wazee wakisokota kamba za kitanda, na hii niliona ni ya kuanikia nguo. Aliponitazama akaitupa yote kwenye sufuria linalochemka, roho iliniuma kwa kazi nzuri iliyoharibika.

"Hao ni Waislamu wa huko kwao Uchina," Mama aliniambia. "Usiku wangu wa kwanza hapa nilipotea njia nikaingia humu nalia. Alinipa bakuli, hakuniuliza kitu." Halafu, bakuli langu lilipofika, akainama akaniambia kwa sauti ya siri, "Kula mpaka chini. Chini kuna samaki."

Samaki? Lile lilikuwa bakuli la ng'ombe, lina vipande vya nyama na kotimiri na mafuta mekundu ya pilipili yakiogelea juu. Na bibi alikuwa amenisimulia, kwa hakika ya mtu ambaye hajawahi kufika, kwamba Wachina humla samaki mzima na macho yake, na wengine humla akiwa hai. Nilizila zile tambi kwa kijiko, ndefu hazina mwisho, tamu hivi kwamba nilisahau mtihani. Lakini mchuzi ulivyozidi kushuka ndivyo nilivyozidi kumwaza yule aliyekuwa chini, amelala, ananisikiliza. Niliuona mchuzi ukitikisika. Nikaweka kijiko. Safari hii nilibakisha nusu bakuli, na haikuwa adabu.

Mpishi alitoka nyuma ya kioo akapangusa mikono, akalitazama bakuli, akamtazama Mama kwa wasiwasi. "Mama, mushkila?" Hata yeye alimwita mama.

"Mafi mushkila," Mama akajibu, hakuna tatizo, lakini uso wake haukukubaliana na maneno. Alilivuta bakuli langu, akalinyanyua kwa mikono miwili, akanywa ule mchuzi wangu uliopoa mpaka likaisha. Nilimtazama. Kwetu mtu mmoja tu alikula makombo yangu, naye ni bibi. Watoto wa jirani wakila kwetu wakibakisha, bibi alimwagia kuku. Jambo hilo liliingia kichwani mwangu likakaa, lakini sikujua niliweke wapi. Na kwa kuwa niliogopa, sikutazama ndani ya bakuli.

Siku yake ya mapumziko alikuja mapema, akamsaidia Shangazi kufunga mizigo. Mimi nilikuwa nimejilaza nyuma ya lundo la mapazia, mahali nilipopapenda kwa sababu hakuna aliyeniuliza maswali huko. Nilisikia utepe wa gundi ukivutwa, ukikatwa kwa meno.

"Wifi," Mama alisema, "mtoto ananiogopa."

"Haogopi. Ana haya. Baba yake alikuwa hivyo hivyo, alinitumia mimi kukuposa."

"Hizi si haya za mtoto. Ni haya za mgeni. Akila anabakisha. Nimemzungusha mji mzima, kila kitu anabakisha. Na jioni akiniaga anasema ahsante kwa chakula. Wewe umeona wapi mtoto anamshukuru mama yake kwa chakula?"

Shangazi akacheka. "Mama yako kamfunza vizuri mno."

"Kamfunza. Na mimi nimefanya nini?" Utepe ukanyamaza. "Mkataba wangu unaisha mwaka huu. Madam wa ofisini ananiuliza kila siku, Zuhura, unasaini au unaondoka? Nilikuwa nasema naondoka. Sasa naondoka naenda kwa nani? Mtoto akipanda ndege hivi hivi, nikija Ngamiani mimi ndiye nitakuwa mgeni. Bora nisaini nibaki hukuhuku, nitume hela, atajua angalau nina faida."

"Usiseme hivyo, wifi. Unataka nimwambie akuite mama?"

"Kwa kuambiwa sitaki. Mama wa kuambiwa naitwa na Naif nzima."

Nami kule nyuma ya mapazia nilijikunja nikawa mdogo. Kwa hiyo haukuwa mtihani. Kila kipande nilichobakisha kwa fahari, yeye alikuwa amekiona kama mlango unafungwa. Na kama nikiondoka bila kusema lile neno, hatarudi. Ilikuwa juu yangu, na mimi ni mtu ambaye hata kuomba maji nakohoa.

Alasiri ile Shangazi alipiga simu nyumbani, akanipa niongee na bibi.

"Unakula?" bibi aliuliza.

"Nakula, Mama."

"Unabakisha?"

"Nabakisha kila siku." Nilingoja anisifu.

Badala yake akauliza, "Unabakisha mbele ya nani?"

"Mbele ya... yeye."

"Wewe mtoto wewe. Nilikwambia ufanye hivyo ugenini. Kwa mama yako ni ugenini?"

Nilivuta uzi wa shuka la Njeri lililoning'inia.

"Nisikilize," bibi akasema, na sauti yake ikawa ile ya kunipaka mafuta usiku. "Mimi nilikupokea nikulee, sikukununua. Wajomba zako wote wananiita Mama, nawe unaniita, na sijapungua. Kale chakula cha mama yako ukimalize. Na unitunzie ladha yake, uje unisimulie."

Nilikaa na maneno hayo mpaka jioni. Nikawaza wale wauzaji wa Naif. Kweli, walimwita mama kila mwanamke anayepita, tangu asubuhi hadi usiku, na neno halikuwaishia mdomoni. Labda halikuwa ufunguo. Lakini kujua jambo ni kitu kimoja na kulitoa mdomoni ni kingine, na siku zilizobaki nilizimaliza nikikohoa kama kawaida.

Jioni yetu ya mwisho Mama aliniuliza tuende wapi. Nilinyoosha kidole upande wa duka la tambi. Alishangaa. "Kule? Si hukupapenda?" Nikanyoosha tena.

Mpishi alitujua, akainua mkono nyuma ya kioo. Mama aliagiza bakuli moja, la kwangu, kisha akaweka kidevu mkononi. Alikuwa amechoka. Nadhani alikuwa amekwisha kubali kwamba nitaondoka hivi hivi.

"Kula," akasema, akingoja ile ahsante, nimekula.

Sikuisema. Nilivuta bakuli nikaanza. Nilikula tambi zikanirushia mafuta shatini, nikasaka nyama nikaimaliza, nikafika pale nilipokomea siku ile, ambapo mchuzi ulikuwa na giza. Nilisimama. Mama aliona nimesimama, akaanza kunyoosha mkono alivute bakuli kama ilivyokuwa desturi yetu. Nikaliwahi. Nililinyanyua kwa mikono miwili, nikafumba macho kwa ajili ya yule aliyekuwa chini, nikanywa. Kilichonigusa meno kilikuwa ukingo wa bakuli tu. Nikafumbua macho.

Alikuwa samaki mwekundu, mdogo, mkia umepinda, jicho moja linatazama pembeni. Hata mimi hakuwa ananitazama. Kicheko kilinitoka kabla sijakizuia, kikubwa, watu wa meza ya pili wakageuka.

"Mama," nikasema, "kumbe wa kuchora."

Alichukua ncha ya mtandio akajipangusa jicho moja, kisha jingine, kama mtu aliyeingiwa na pilipili, na mezani pilipili ilikuwepo, kwa hiyo ningeweza kudanganyika. "Wa kuchora," akasema baadaye. "Ulidhani nini?"

"Mzima. Na macho yake."

Akacheka mpaka akaweka paji la uso mezani. Mpishi akaja kuona kuna nini. Aliona bakuli tupu, na uso wake ukafunguka kama kapu la mvuke lililofunuliwa. Alirudi nyuma ya kioo, akaja na tambi nyingine, akanimwagia na mchuzi juu, samaki akazama tena.

"Mama, na hizi nizimalize?"

"Zote," akasema. "Zote, mwanangu."

Nilizimaliza, tumbo likawa ngoma. Na kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshafunguka, nikamuuliza lile nililopaswa kuuliza siku ya kwanza. "Mbona tumekula Kichina tu?"

Alinitazama kwa mshangao. "Si wewe uliyeniambia? Wachina walipokuwa wanajenga barabara huko kwenu, uliwaona wanakula kwa vijiti. Ukanipigia hadithi nzima kwenye simu. Ukasema, nikija Dubai tutakula Kichina kwa vijiti. Ulikuwa hujaanza hata shule. Ndiyo siku pekee uliyoongea na mimi mpaka salio likaisha."

Sikukumbuka. Nilijaribu, na mpaka leo sikumbuki. Yeye alikuwa ameyashika maneno hayo miaka yote, akiwa anatandika vitanda vya watu, mimi nimeyaacha njiani. Nikatazama mezani. Vijiti vilikuwa kwenye kopo lao, safi, hatujavigusa hata siku moja. Tuliona wakati mmoja, tukacheka tena.

Tulipoinuka, mpishi alinikimbilia mlangoni na lile bakuli, limeoshwa, limefungwa kwa gazeti la maandishi yao. Lilikuwa na pengo dogo ukingoni, kwa hiyo labda lilikuwa linatupwa. Mimi nililipakata kwenye ndege njia nzima, nikamkabidhi bibi, nikamsimulia ladha, naye akaniuliza mara mbili kama yule samaki ni wa kuchora kweli.

Mama hakusaini. Mkataba ulipoisha alirudi, na siku aliyofika nyumba ilijaa watu mpaka barazani. Bibi alipika ubwabwa wa nazi na mchuzi wa kuku. Mama aliketi ukingoni mwa mkeka, mtandio bado uko kichwani, miguu ameikunja vizuri chini yake, akijibu salamu za kila mtu kwa sauti ndogo. Alikaa kwao kama mpita njia aliyeingia kujikinga jua tu. Nilimpakulia mimi mwenyewe, kwenye bakuli la samaki. Alikula polepole. Kisha akaweka kijiko, akasogeza bakuli mbele kidogo. "Ahsanteni," akasema. "Nimeshiba."

Nilichungulia. Alikuwa amebakisha wali, umefunika chini yote.

Mjomba alitazama mlango. Bibi alifungua mdomo aseme, lakini nilikuwa nimeshasema, mimi niliyekuwa sisemi.

"Mama, kula mpaka chini. Samaki hajaonekana."

Waligeuka wote wawili, bibi na yeye. Kisha yeye akavua mtandio, akauweka pembeni, akalivuta bakuli karibu.